Kengele Niliyoipigisha Mapema

Nilikuwa mwalimu wa hesabu, na mwaka 2003 nilishindwa kuhesabu hadi kumi na mbili mbele ya uwanja mzima. Kwa miaka mingi nimekuwa nikilisimulia jambo hilo kwa mafumbo katika vyumba vya walimu, kana kwamba lilimpata mtu mwingine. Sasa nimestaafu, sina cheo cha kulinda. Acha niliseme lilivyokuwa.

Shule yetu ilikuwa upande wa Kuresoi, kule juu karibu na msitu wa Mau, ambako viazi na pareto hukua ndani ya ukungu na mwezi wa saba hata mbwa hutafuta jua. Watoto wa huko hukimbia. Wageni huja na vipimo vyao wakitafuta siri kwenye damu. Siri ninayoijua mimi ni kwamba shule iko mbali, mlima uko katikati, na mwalimu wa zamu anafunga lango saa moja kamili.

Mimi mwenyewe sikuwa mkimbiaji. Miguu yangu ni ya kukalia. Lakini siku ya michezo kila mwalimu lazima apewe kazi. Wenye vifua hupewa filimbi, wenye sauti hupewa kipaza sauti, na mwalimu wa hesabu hupewa penseli na karatasi ya raundi.

Ni kazi inayodharauliwa na asiyewahi kuifanya. Mbio za mita 5,000 ni raundi 12 na nusu, kwa hivyo wanaanzia upande wa pili wa uwanja, na wakipita mstari wa kumalizia kwa mara ya kwanza ubao unaonyesha 12. Mita 10,000 ni raundi 25 kamili. Kila anayehesabu ana wakimbiaji wake, na kanuni inasema wasizidi wanne. Mkimbiaji akipita unaandika namba yake na saa aliyopitia. Wakiwa bado pamoja, hata mtoto wa darasa la pili anaiweza. Taabu huanza wa mbele wanapowapita wa nyuma kwa raundi nzima. Hapo mstarini wanapita watu kumi walio kwenye raundi tatu tofauti, na wote wanahema sawasawa.

Siku hiyo yalikuwa mashindano ya shule za sekondari, kwenye uwanja wa udongo mwekundu ambao mistari yake ilichorwa kwa oili chafu ya gari kwa sababu chokaa ilikwisha. Mvua ilikuwa inanyesha tangu saa tano. Wenzangu wawili wa karatasi walikwenda kutafuta chai wakapotelea huko, nami badala ya wasichana wanne wa mita 5,000 nikawa na saba. Nilishika kipande cha plaiwudi, karatasi imebanwa kwa kibanio cha nguo. Nilitumia penseli kwa sababu wino huikimbia mvua kabla wasichana hawajaanza kukimbia. Na kwa kuwa saba ni wengi, niliacha kuandika saa. Nikawa napiga vistari tu: akipita, kistari.

Aliyekuwa mbele alivaa namba 41. Alikuwa msichana wa kidato cha tatu kutoka shule jirani, miguu mitupu, bukta imefungwa kwa pini kiunoni. Alikimbia mabega yametulia, bila kuangalia nyuma, kama mtoto aliyetumwa dukani akaambiwa asikawie. Kufika raundi ya sita alikuwa ameacha pengo la mita sitini hivi. Raundi ya nane akaanza kuwapita wa mwisho, na mmoja wa hao wa mwisho alivaa namba 47.

Namba zenyewe zilikuwa za kitambaa, zimeandikwa kwa mkono. Zikishalowa na kukunjamana, 1 na 7 ni ndugu wa tumbo moja. Nilimwona 47 akipita, nikampigia 41 kistari. Basi. Kistari kimoja cha penseli, urefu wake haufiki punje ya mchele.

Kengele yetu ya raundi ya mwisho ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo, na aliyewekwa kuigonga ni kiranja mmoja wa shule yangu, kijana mwenye adabu, nondo mkononi, macho kwangu. Vistari vya 41 vilipotimia kumi na mbili, kwa hesabu yangu, niliinua mkono. Kijana akagonga. Rimu ile ilikuwa na sauti ya kufika Molo.

Msichana aliondoka. Sijui niseme vipi. Alikuwa tayari anakimbia, lakini aliposikia rimu aliondoka kana kwamba mpaka wakati huo alikuwa amesimama. Watu walitoka kwenye miavuli. Alizunguka, akapita mstari mikono juu, akapiga magoti kwenye matope, paji la uso chini. Refa, aliyekuwa na hesabu yake mwenyewe, akaja mbio anapunga mikono: "Bado moja! Inuka, bado moja!"

Aliyekuwa wa pili alikuwa na mwalimu mkaidi aliyesimama kwenye kona. Rimu ilipolia, mwalimu yule alimpigia kelele mtoto wake, "Achana nayo! Bado mbili!" Naye hakubadilisha mwendo. Alipita pale 41 alipopiga magoti bila hata kumtazama. Msichana wangu, nimezoea kumwita wangu, aliinuka akaimaliza raundi hiyo kama mtu anayetembea ndani ya maji ya kiuno. Akawa wa nne. Waliokuwa wakichaguliwa kwenda ngazi ya juu ni wawili.

Mwalimu wake alilalamika, wakubwa wakakaa kama nusu saa chini ya turubai, wakasema matokeo ni matokeo. Refa akatoka amekasirika, akamwendea aliyekuwa karibu na rimu. "Wewe kijana, nani amekuambia ugonge?"

Kijana akanitazama. Mimi nikatazama karatasi yangu.

Kijana akasema, "Ni mimi, sir. Nilifikiri ni ya mwisho."

Kwenye basi la kurudi walimwita Kengele, na jina likamganda. Nilikuwa kiti cha mbele, nasikia kila kitu.

Ilinichukua siku tisa kwenda nyumbani kwa yule msichana. Nilienda Jumamosi, kwa miguu, nikiwa na sukari kilo mbili kwenye mfuko wa karatasi, maana mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Nilimkuta mama yake akianika pareto kwenye gunia lililokatwa. Tukaamkuana, akaniletea kigoda, akaleta chai. Nilieleza yote: mvua, namba 47, kistari, mkono wangu juu. Nikaeleza na la kijana wa rimu. Mama hakusema neno. Msichana alikuwa amesimama mlangoni, ndoo mkononi.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilikuwa nahesabu. Kichwani nilikuwa na mbili. Kengele ikasema moja. Nikafikiri, hawa ni watu wazima, tena wana karatasi."

Nilitafuta la kusema nikakosa. Mama yake akasogeza kikombe. "Kunywa chai, mwalimu, itapoa."

Jumatatu nilisimama paredini nikasema mbele ya shule nzima nani alipigisha rimu ile. Nilidhani jina la Kengele lingenirukia mimi. Halikuruka. Majina ya shule hayasikilizi rufaa.

Tangu siku ile sijapiga kistari kisicho na saa. Ningekuwa nimeandika saa, karatasi ingenipigia kelele kwamba namba 41, baada ya raundi saba za sekunde 81 na 82, amekimbia moja kwa sekunde thelathini na kitu. Hiyo ni mwendo wa farasi, si wa kidato cha tatu. Na ukishaandika sekunde za watu kwa miaka, macho yako yanabadilika. Nilianza kuwaona mabingwa kabla ya watu kuwapigia makofi.

Karatasi ya mkimbiaji wa kawaida inasomeka hivi: 74, 78, 83, 87, 90, 91, 90, kisha ghafla 79 mwishoni, rimu imelia na mjomba wake anamwangalia. Ya bingwa inasomeka 81, 82, 81, 82, 82, 81, na haina cha kusimulia. Unaweza kulala ukiisoma. Mtu hufurahia raundi ya kwanza kwa sababu wote wako pamoja, na ya mwisho kwa sababu kuna kelele. Mimi naangalia ya saba hadi ya kumi, pale mashabiki wanapokwenda kununua mahindi ya kuchoma. Hapo hakuna anayekutazama. Mapafu yameshaomba ruhusa, mwisho bado hauonekani, na ndipo mtu huanza kujipunguzia sekunde moja, moja tu, kama anayechota unga wa jirani akidhani hatajua.

Ndiyo maana rekodi ikitangazwa mimi kwanza nagawanya. Tarehe 25 Mei 2024, kule Eugene, Marekani, Beatrice Chebet alikimbia mita 10,000 kwa dakika 28:54.14, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 29. Gawanya kwa 25: sekunde 69 na kidogo kila raundi. Mpe kijana wako mwenye mapafu mazuri akimbie raundi moja ya sekunde 69 kwenye uwanja wa shule, halafu mwambie bado 24.

Tena hebu weka muda huo kando ya ule wa Naftali Temu. Mgusii huyo ndiye aliyeipa Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, Oktoba 1968 kule Mexico City, mita 10,000 kwa 29:27.4. Kwa saa tupu, Chebet angekuwa amemaliza na kufungua kamba za viatu kabla Temu hajafika. Wanafunzi wangu walipenda sana ulinganisho wa namna hii, nami nilikuwa nawakatiza haraka. Mexico City iko mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi kama ya kwetu, na siku ile watu walikuwa wakiviziana, kila mmoja akiogopa kifua chake. Mashindano yakaja kuamuliwa mwishoni kabisa, Temu na Mamo Wolde wa Ethiopia. Katika mbio zile zile Kipchoge Keino alitoka uwanjani kwa maumivu ya nyongo zikiwa zimebaki raundi mbili, na siku saba baadaye akashinda dhahabu ya mita 1,500. Kwa hiyo saa inasema kweli, ila haisemi yote. Mgusii mwingine, Yobes Ondieki, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 27, Oslo, tarehe 10 Julai 1993: 26:58.38. Hizo ni raundi 25 za chini ya sekunde 65. Nilipogawanya mara ya kwanza nilidhani nimekosea, na historia yangu mnaijua, nikarudia mara tatu.

Juni 2023 nilikuwa kwenye hoteli moja Keringet, runinga iko juu ya friji la soda, hoteli imejaa mpaka mlangoni kwa sababu Faith Kipyegon ni wa huko. Wiki moja kabla alikuwa amevunja rekodi ya mita 1,500. Usiku huo, Paris, alikuwa anakimbia 5,000, mbio ambazo hakuwa amezigusa kwa miaka. Watu walikuwa wanagonga meza. Mimi nilikuwa na penseli nyuma ya risiti ya chapati. Alipomaliza kwa 14:05.20, rekodi ya dunia, mzee mmoja aliniuliza kama mimi ni wa kodi. Rekodi ile haikumaliza mwaka mikononi mwake. Gudaf Tsegay wa Ethiopia aliichukua Septemba, na Julai 2025 Chebet akairudisha Kenya kwa 13:58.06.

Kuna bingwa mmoja ambaye karatasi yangu haimwezi. Mwaka 1978 nilikuwa na miaka kumi na mitano, baba ana redio ya betri aliyoifunika kitambaa kama kitoto. Mwaka ule Henry Rono, kijana wa Nandi aliyekuwa akisoma chuo kikuu Marekani, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Aprili ilikuwa mita 5,000, Mei kuruka viunzi na maji, Juni mita 10,000, na kabla Juni haijaisha, mita 3,000. Hakuna aliyefanya hivyo kabla yake wala baada yake. Baba alikuwa anazima redio habari zikiisha, kulinda betri, kisha anakaa kimya akitabasamu gizani.

Na Rono hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja. Mwaka 1976 Kenya ilisusia, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu ya raga ya New Zealand na Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 Kenya ilisusia tena, safari hii kwa sababu ya majeshi ya Sovieti kuingia Afghanistan. Miaka miwili iliyokuwa yake, watu wengine wakaifunga. Halafu ikaja pombe, ambayo aliisema mwenyewe hadharani bila kuificha. Alifariki Februari 2024. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi kugawanya nyakati zake kwenye ubao, na mara zote kulikuwa na mmoja wa kuuliza, "Sasa mwalimu, alipata medali ngapi za Olimpiki?" Sikuwahi kupata jibu la kuandika ubaoni.

Yule msichana wangu siandiki jina lake, hataki. Baada ya shule alipata nafasi Japani kwenye timu ya kampuni, kama wengi wa huku. Aliniambia siku ya kwanza kocha alisimama kando ya uwanja na saa, akawa anamsomea sekunde kila raundi: 76, 76, 76, kwa mita 10,000 nzima, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za viazi. Wenzake walilia. Yeye, alisema, alifurahi mpaka akaona haya, kwa sababu hatimaye alipata mtu mzima anayehesabu sawa. Aliposema hivyo hakuwa ananilenga. Nadhani hakuwa ananilenga.

Alikaa huko miaka kadhaa. Pesa za kujengea alimtumia ndugu yake, na aliporudi likizo akakuta nyumba imesimama kwenye linta, ndugu ana pikipiki mpya. Hayo yanajulikana, siyarefushi. Kilichommaliza ni mshipa wa kisigino, uliouma misimu miwili huku akiuficha, maana mkataba ulikuwa unakaribia kuandikwa upya. Alirudi, akamalizia nyumba mwenyewe kutoka linta kwenda juu, akanunua ng'ombe watatu, akaanza kufundisha wasichana wa kijijini saa kumi na mbili asubuhi kabla hawajaenda shule.

Nilikwenda kuwaona. Walikuwa kumi na moja, kwenye uwanja wa nyasi wenye mteremko upande mmoja, umande mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilikuwa na penseli yangu, naye akaiona akacheka. Akaniita karibu anionyeshe anavyowafundisha. Katika mita 5,000, kila raundi nzima wanakunja kidole kimoja, mkono wa kushoto kwanza, kisha wa kulia. Vidole vikiisha zimekwenda kumi, zimebaki mbili na ile nusu. Mikono imekuwa ngumi, na mtu huwa anakimbia na ngumi vizuri zaidi, alisema. Akawasimamisha wasichana mbele yangu.

"Kengele ikilia na vidole vyako vinasema bado, unafuata nini?"

"Vidole!" wote kwa pamoja, macho yote kwangu, wakaangua kicheko. Wameshahadithiwa, basi. Mmoja mdogo, meno ya mbele yametengana, aliniamkia kwa mkono uliokunjwa vidole viwili. Alikuwa amesahau kuvifungua.

Kijana wa rimu sasa ni dereva wa matatu, Molo kwenda Nakuru. Mwezi uliopita nilifika stejini nina haraka, nina miadi ya macho hospitalini. Kondakta wake alikuwa anapiga mlango kwa kiganja, "Mmoja! Mmoja tu twende! Mmoja Nakuru!" Nikainama nikachungulia ndani. Gari ni la abiria kumi na wanne. Nikahesabu taratibu, kwa vidole, safu kwa safu.

"Kengele," nikamwita pale kwenye usukani, "mnasema mmoja. Mimi naona nafasi nne."

Akageuka, akanitazama, kisha akacheka mpaka akalalia usukani na honi ikalia yenyewe, ndefu, steji nzima ikageuka.

"Ingia, mwalimu," akasema akifuta macho. "Ingia tu. Hiyo ilikuwa ya mwisho."